Mto Kongo: Usihesabu kilomita, hesabu vituo vya kushusha mzigo

Tangu Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ijiunge na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, wafanyabiashara wengi wa ukanda huu wameutazama Mto Kongo kama mlango wa soko jipya. Ramani inavutia, lakini ramani haionyeshi gharama.

Mto huu una urefu wa kilomita 4,700 hivi, na kwa wingi wa maji ni wa pili duniani baada ya Amazon. Unavuka ikweta mara mbili, hivyo mvua zikikatika upande mmoja, upande wa pili zinanyesha, na maji yanaendelea kushuka mwaka mzima. Ndiyo maana mabwawa ya Inga I (1972) na Inga II (1982) yalijengwa karibu na mdomo wake. Lakini maporomoko yale yale yanayozalisha umeme ndiyo yanayozuia vyombo kupita.

Hilo liligunduliwa zamani. Livingstone alifika Nyangwe mwaka 1871, akidhani mto Lualaba huenda ukawa ndio Nile. Mwaka 1876 Stanley aliondoka hapo hapo akisindikizwa sehemu ya njia na Tippu Tip, mfanyabiashara wa Zanzibar, na mwezi Agosti 1877 akafika Boma, karibu na Bahari ya Atlantiki. Lualaba ilikuwa ni Kongo. Njiani alilazimika kubeba mitumbwi nchi kavu kukwepa maporomoko. Misafara ya pwani iliacha Kiswahili, ambacho hadi leo ndicho lugha ya soko Kindu na hata Kisangani.

Wabelgiji walijibu tatizo la maporomoko kwa kujenga vipande vya reli. Hapo ndipo penye mtego kwa msafirishaji wa leo.

Chukua mzigo unaotoka Dar es Salaam kwenda Kisangani kwa reli na maji. Unashushwa Kigoma kuingia melini. Unashushwa Kalemie kupanda treni, kwani hata upana wa reli si mmoja: Kigoma ni milimita 1,000, Kalemie ni 1,067. Unashushwa Kindu kuingia kwenye boti. Unashushwa Ubundu kupanda reli ya kilomita 125 inayokwepa maporomoko saba ya Boyoma. Hiyo ni mara nne, na reli za upande wa Kongo ni chakavu. Kuanzia Kisangani ndipo mto unafunguka, kilomita 1,700 na zaidi bila kizuizi hadi Kinshasa.

Kila kituo kina makuli, ghala, siku za kusubiri na mzigo unaopotea au kulowa. Kwa hiyo njia hii inafaa zaidi bidhaa zinazovumilia, kama mabati na nondo, kuliko dawa au biskuti. Kabla ya kulipia, mfanyabiashara aulize: nani anawajibika kwa mzigo katika kila kituo? Je, bima inaendelea baada ya Kalemie? Nani atalipa ghala boti ikichelewa Kindu?

Serikali nazo zijue kwamba kufuta ushuru mpakani hakutoshi. Bila winchi, maghala na mabehewa katika vituo hivyo vinne, mto mkubwa kiasi hiki utabaki kuwa njia ya kwenye ramani, na anayelipia ni mwenye mzigo.