Ukienda Hamburg na nyumba ya magurudumu, anza na soko la samaki

WATU wengi wanaopanga kwenda kwenye mtaa wa starehe wa mji mkubwa huanza na swali moja: tutalala wapi? Mwenye gari-nyumba, yaani lile gari kubwa lenye kitanda, jiko, friji na choo ndani yake, hudhani swali hilo halimhusu. Kitanda anakwenda nacho, kama kobe na gamba lake. Basi huweka jina la mtaa kwenye simu, huwasha gari na kuondoka.

Kwa mtazamo wangu, huo ndio mwanzo wa hasara. Safari ya namna hii inatakiwa ipangwe kuanzia mwisho kurudi nyuma, na mwisho wake ni sokoni.

Nizungumzie Hamburg, mji wa bandari wa kaskazini mwa Ujerumani wenye watu wapatao milioni 1.9, ambao tangu mwaka 2010 ni mji rafiki wa Dar es Salaam. Wapo ndugu zetu wanaoishi Ujerumani ambao majira ya joto hukodi magari hayo kwa ajili ya likizo, na wapo wanaotoka huku kwenda kuwatembelea. Hao yanawahusu moja kwa moja. Lakini mkulima na mchuuzi asigeuze ukurasa, kwa sababu kuna jambo la kwake pia katika usiku wa Hamburg.

Mtaa wenyewe unaitwa Reeperbahn, upo katika eneo la St. Pauli, na urefu wake haufiki kilomita moja. Jina lake limetokana na kazi ya mikono. Hapo ndipo wasokota kamba za meli walipokuwa wakinyoosha kamba zao, kazi iliyohitaji njia ndefu iliyonyooka. Mabaharia wakashuka melini na mishahara yao, na wenye baa wakawafuata. Leo kuna taa za kila rangi, kumbi za muziki, majumba ya michezo ya kuigiza (ukumbi wa St. Pauli Theater ni wa mwaka 1841), na pia biashara ya ngono, ambayo huko inaruhusiwa kisheria. Usiku si mahali pa kutembeza watoto.

Pembeni yake kuna mtaa mdogo wa Große Freiheit, ambako The Beatles walipiga muziki kati ya mwaka 1960 na 1962 kabla dunia haijawafahamu. Jina hilo maana yake ni Uhuru Mkuu. Wageni hudhani ni uhuru wa kunywa. Sivyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1600 mtawala wa eneo hilo aliwaruhusu watu kuabudu wapendavyo, na mafundi wasiokuwa katika vyama vya ufundi vilivyohodhi kazi mjini wakaruhusiwa kufanya kazi zao. Kwa maneno mengine, mtaa huo ulipewa jina kwa sababu ya akina sisi, wafanyabiashara wadogo waliokosa leseni ya wakubwa.

Sasa twende sokoni. Ukitoka Reeperbahn na kuteremka kuelekea mto Elbe, kwa miguu ni mwendo mfupi, unafika Fischmarkt, soko la samaki. Soko hilo lilianza mwaka 1703 katika Altona, ambayo wakati huo ilikuwa mji wa jirani chini ya mfalme wa Denmark. Wavuvi waliruhusiwa kuuza Jumapili asubuhi kwa sababu ambayo mvuvi yeyote wa Feri anaifahamu: samaki hasubiri Jumatatu. Sharti lilikuwa moja, wamalize kabla ya ibada. Hadi leo soko ni la Jumapili tu. Majira ya joto hufunguliwa saa 11 alfajiri, majira ya baridi saa 1 asubuhi, na hufungwa saa 3.30 asubuhi.

Angalia saa hizo kwa makini. Saa 11 alfajiri ndiyo saa ambayo baa na kumbi zinawatapika wateja wao. Watu waliokesha, miguu inauma na tumbo linadai, wanateremka mtoni na kukutana na wachuuzi ambao wao ndio kwanza wameamka. Wanakuta mkate wenye samaki ndani, mikunga iliyokaushwa kwa moshi, matunda yaliyopangwa kwenye vikapu, mboga, maua na miche kwenye vyungu. Wauzaji wanapanda nyuma ya malori na kupiga kelele, wanataniana na wateja, wanarusha ndizi kwa watu. Bei inatajwa, kisha anaongeza nanasi kwenye kikapu, anaongeza embe, anaongeza tena, bei ikiwa ile ile, mpaka mteja aone haya kuondoka. Ndani ya jengo la zamani la mnada wa samaki, lililojengwa mwaka 1895 na 1896, bendi inapiga muziki watu wakipata kifungua kinywa.

Na inapokaribia saa 3, mwenye ndizi hataki kurudi nazo. Bei inashuka. Hapo ndipo mnunuzi mwenye akili huwa macho.

Ni nani katika umati ule anayeweza kununua kikapu kizima? Mgeni wa hoteli hawezi. Samaki atamweka wapi, chini ya mto? Atakula mkate mmoja, atapiga picha, ataondoka. Mwenye gari-nyumba ana friji, ana jiko, ana sufuria na ana siku nyingine nne za safari mbele yake. Yeye ndiye mnunuzi wa kweli wa soko hilo.

Nasisitiza jambo hili kwa sababu katika miji mingi ya Ulaya kuna hoja inayorudiwa kila mara, kwamba wageni wa magari-nyumba hawana faida: wanakuja na kitanda chao na chakula chao, wanachafua, wanaondoka. Hoja hiyo ina ukweli kwa upande mmoja. Anayenunua kreti ya bia dukani, akainywa ndani ya gari, kisha akaenda Reeperbahn kushangaa taa, hajamwachia mtu yeyote pale hata senti. Wenye baa wa St. Pauli wanalalamika hata juu ya vibanda vinavyouza bia ya bei nafuu ya kunywea barabarani, na malalamiko yao naona ni ya haki. Mwenye baa ndiye anayelipa kodi ya pango, mpiga muziki na mtu wa mlangoni. Kama unataka mtaa uwe hai, kunywa kwao na ulipe kwao.

Lakini kupima faida ya mgeni kwa kitanda peke yake ni hesabu ya wenye hoteli. Mkulima ana hesabu yake, na wakulima wa Ulaya wameishaipiga. Ufaransa, tangu mwaka 1993, kuna mpango uitwao France Passion ambapo wakulima, hususan wa zabibu, huwaruhusu wenye magari-nyumba kulala shambani usiku mmoja bila malipo. Ujerumani nao wakaanzisha mpango kama huo, Landvergnügen, mwaka 2014. Msafiri hununua kitabu cha mwaka chenye stika, hubandika stika kwenye gari, na kitabu kinamwonyesha mashamba yaliyojiunga. Gari lazima liwe na choo chake. Mkulima hatozi kitanda, wala mgeni halazimishwi kununua kitu. Lakini ni nani atalala bure karibu na zizi, aamke asikie kuku, halafu aondoke bila mayai na jibini? Mkulima anauza mlangoni kwake, bei ya rejareja, bila dalali na bila kukodi gari la mzigo.

(Na nikumbushe kwamba mtu anayetajwa kutengeneza karavani ya kwanza ya Ujerumani, Arist Dethleffs, mwaka 1931, alitoka katika biashara ya familia ya mijeledi na fimbo za kuteleza kwenye theluji. Alichoka kusafiri kuuza bidhaa huku mwenzi wake amebaki nyumbani. Starehe hii ilianzia kwa mchuuzi.)

Kwa hiyo ratiba ninayoipendekeza ni hii. Ijumaa usiku lala shambani, kilomita kadhaa nje ya mji, ujaze maji na upumzike. Jumamosi ingia Hamburg mapema kabla ya saa sita mchana, uegeshe kwenye maegesho rasmi ya magari-nyumba au kambi iliyo karibu na kituo cha treni, na ulipie usiku mbili. Nimesema mbili, si mmoja. Lala mchana. Jioni panda treni ya mjini hadi kituo cha Reeperbahn au St. Pauli. Usiku wa kuamkia Jumamosi na wa kuamkia Jumapili treni hizo zinafanya kazi usiku kucha, hivyo huna kisingizio cha kwenda na gari. Jumapili alfajiri teremka sokoni, nunua, rudi na treni, panga samaki kwenye friji na ulale. Safari ni Jumatatu.

Wengi watauliza usiku wa pili ni wa nini, wakati ni fedha ya kulipa bure. Tupige hesabu. Sheria ya Ujerumani inaweka kikomo cha kilevi kwa dereva kuwa nusu gramu kwa kila kilo ya damu, na kwa dereva mgeni wa leseni au aliye chini ya miaka 21 ni sifuri. Hata chini ya hiyo nusu, kuanzia 0.3, ukigonga unaweza kushtakiwa. Mwili hupunguza kilevi kwa takriban 0.1 hadi 0.15 kwa saa, na kahawa haiharakishi chochote. Aliyeacha kunywa saa 9 usiku akiwa na 1.5, saa 3 asubuhi soko linapokaribia kufungwa bado ana kati ya 0.6 na 0.9. Anajisikia mzima, amekula samaki, ameosha uso, na bado hafai kushika usukani. Atavuka kikomo hicho kurudi chini baadaye asubuhi au mchana, na kufika sifuri ni mchana au jioni. Mwenye gari dogo angeliacha akapanda basi. Mwenye gari-nyumba amelala ndani ya ushahidi.

Kuna hatari nyingine inayotokana na hiyo hiyo. Ujerumani inavumilia dereva kulala usiku mmoja ndani ya gari lililoegeshwa kihalali ili apumzike na kuendelea na safari. Kutoa viti, meza na turubai ni jambo jingine. Sasa umeegesha mahali pasiporuhusiwa karibu na baa, umekunywa, na saa 8 usiku unagongewa kioo uondoe gari. Utaliondoaje? Huwezi kuendesha, na huwezi kubaki. Na usifikirie maegesho ya chini ya majengo, kwani mengi yana dari ya mita mbili hivi na gari lako linakaribia mita tatu.

Wapo wanaopenda kuegesha chini kabisa mtoni, karibu na soko, kwa kuwa mandhari ni nzuri. Uwanja wa soko upo nje ya kuta za kuzuia mafuriko. Dhoruba ya Bahari ya Kaskazini inaposukuma maji kuingia Elbe, hasa kuanzia Oktoba hadi Machi, uwanja huo hufunikwa na magari yaliyosahauliwa huelea. Mafuriko ya Februari 1962 yaliua watu 315 Hamburg. Januari 1976 maji yalipanda juu zaidi, lakini kuta zilikuwa zimeinuliwa na mji ukapona. Kuta hizo zinalinda mji. Kilichobaki upande wa mto kinajilinda chenyewe.

Kabla ya kuchagua tarehe, tazama kalenda ya mji. Mara tatu kwa mwaka tamasha la Dom hujaza uwanja wa Heiligengeistfeld kwa wiki kadhaa, Mei kuna sherehe za bandari, Septemba kuna tamasha la muziki la Reeperbahn, na timu ya St. Pauli inapocheza nyumbani mtaa mzima huvaa kahawia. Wikiendi hizo maegesho hujaa mapema. Kisu cha mfukoni kiache garini hata kama umekizoea kwa kumenya machungwa, kwani tangu mwaka 2007 silaha, visu vikiwemo, zimepigwa marufuku mtaani hapo, na chupa za kioo nazo zilifuata mwaka 2009 kwa usiku wa mwisho wa wiki.

Jambo la mwisho ni uzito, na hapa nawasema wenye tamaa ya bei za saa 3. Leseni ya kawaida ya gari dogo huishia tani 3.5 kwa gari pamoja na mzigo wake. Maji lita 100 ni kilo 100. Ongeza mitungi ya gesi, watu wanne, baiskeli mbili, na gari limeshakaribia mwisho kabla hujafika sokoni. Vikapu vitatu vya matunda, kreti ya viazi na michungwa miwili kwenye vyungu vinaweza kukuvusha. Mwaga maji machafu kambini kabla ya kuondoka, punguza na yale safi, halafu ndipo upakie michungwa.