Halloween waachie wenyewe, taa tutoboe sisi

Kila Oktoba ikikaribia kuisha, mtaani huanza vita vile vile. Upande mmoja kuna wale wa kuposti boga la plastiki lenye macho mekundu, nyuso wamejipaka damu ya bandia. Upande wa pili kuna wale wa kuandika kwenye status ya WhatsApp kwamba Halloween ni sikukuu ya mashetani, na anayewasha boga atakuja kuwashwa yeye. Ikifika tarehe 1 Novemba wote kimya, mpaka mwaka ujao.

Mimi siingii hiyo vita. Ni mtoto wa Mji wa Kale, Halloween si yangu na sina mpango wa kuisherehekea. Lakini naona tunagombania boga na kuisahau taa. Kwa nini mji uliojaa mafundi miaka yote hii unanunua taa ya mapambo ya plastiki iliyotoka ng'ambo, inayokufa wiki moja baadaye, wakati mkebe mtupu uko kwenye pipa la taka pale nje?

Tuanze na hilo boga lenyewe. Taa ya Halloween haikuanza na boga. Watu wa Ireland walikuwa wakichonga tanipu, mzizi mnene kama figili kubwa, wanaukomba ndani na kutia taa. Walipohamia Marekani kwa wingi karne ya 19 walikuta maboga tele, makubwa, rahisi kukomba, wakahamia kwenye boga. Yaani walitumia kilichokuwa shambani. Wahindi nao Diwali wanawasha vitaa vya udongo vyenye mafuta na utambi wa pamba. Diwali ya 2024 iliangukia tarehe 31 Oktoba, siku ile ile ya Halloween, na hapa kisiwani hakuna aliyehitaji kwenda mbali kuona tofauti ya taa yenye wenyewe na taa ya kuigiza.

Kwa hivyo, kama ni kuiga, tuige mpaka mwisho. Tusiige boga. Tuige ile tabia ya kuchukua kilicho karibu na kukifanya taa. Kwanza boga kwetu lina kazi yake: linatiwa nazi, linawekwa mezani wakati wa kufuturu. Wahenga walisema ukipenda boga upende na ua lake. Hawakusema ulichonge meno uliache lioze kwenye ngazi.

Halafu kuna wanaosema taa za mapambo si utamaduni wetu. Hebu wafungue kamusi. Kiswahili kina kandili, kina fanusi, kina chemli, kina karabai, kina koroboi. Watu hawapi kitu majina matano kama hawajakaa nacho. Na koroboi ilikuwa nini kama si mkebe wa zamani, mkono wa fundi bati, na utambi? Sisemi turudi kwenye mafuta ya taa, moshi ule mapafu ya mama zetu yanaujua. Nasema ule ujuzi wa mkono ulikuwepo, na sasa unatuponyoka. Mafundi bati ninaowajua mimi ni wazee, na pembeni yao sioni kijana anayeshika mkasi wa bati.

Tusidhani ni sisi peke yetu. Kule Cairo fanusi za Ramadhani hutengenezwa kwa bati na vioo vya rangi, kazi ya mafundi wa vichochoro kama hivi vyetu. Zikaja za plastiki kutoka China, za betri, zinazoimba, bei chini. Watoto wakazipenda, mafundi wakaumia. Mwaka 2015 serikali ya Misri ikapiga marufuku kuingiza bidhaa za aina hiyo kutoka nje ili kuwalinda mafundi wake. Sisi hatuna hata cha kulindiwa kama hatujaanza kutengeneza.

Na kutengeneza si uchawi. Chukua mkebe wa maziwa ya unga au wa nyanya, uoshe, utoe karatasi. Utie maji, uache nafasi ya vidole viwili juu, kisha uweke kwenye friza usiku kucha. Huna friza? Mwombe jirani anayeuza barafu. Maji yakiganda, bati halibonyei ukiligonga. Chora ua lako kwenye karatasi, lizungushe kwenye mkebe, libandike kwa seloteipu. Tandika gunia, laza mkebe juu yake, shika nyundo na misumari miwili: mwembamba wa kufuata mistari, mnene wa kitovu cha ua. Toboa. Barafu ikiyeyuka, kausha, tia waya wa kuning'inizia. Ndani chunga vidole, tundu za bati zinakata. Ukitaka, paka nje rangi nyeusi, usiku utaona mwanga tu unaelea.

Ua gani? Hapo ndipo Mji wa Kale unapowashinda wengine. Tembea Ndia Kuu na macho wazi, angalia milango: mawaridi, minyororo, majani yanayozungukana. Angalia nakshi za roshani. Angalia kofia ya babu yako, ile ya kushonwa kwa mkono, vitundu vitupu vilivyopangwa mpaka vikawa maua. Kofia ile ukiiwekea taa ndani tayari ni fanusi. Michoro tunayo bure, tunaipita kila siku tukienda kutafuta michoro ya mafuvu kwenye simu.

Nakazia jambo moja kwa herufi kubwa za moyoni: tusiunguze mji. Nyumba zetu zimebanana, dari nyingi ni za boriti za mikoko, roshani ni za mbao kavu, na kuna vichochoro ambavyo gari la zimamoto haliingii hata likipakwa mafuta. Taa ya kuning'inia nje iwe ya LED ndogo ya betri. Mshumaa uwe ndani ya mkebe, mkebe uwe sakafuni juu ya jiwe au saruji, na mtu mzima awepo. Betri zikiisha zisitupwe ngazini wala baharini.

Sasa pesa. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilinishinda, na tangu hapo nimekaa kwenye semina za kujiajiri mpaka nimechoka na soda zao. Zote zinafundisha kuandika mpango wa biashara. Bado sijaona moja inayokupa nyundo. Na wakati huo huo mahoteli na mikahawa ya pwani inanunua mapambo kila msimu, na watalii wanaotoka Fort Jesus wanatafuta kitu cha kubeba kinachoonyesha walifika Mombasa na si dukani tu.

Kuna atakayeniuliza: si unafiki huo, kuikataa Halloween halafu kuwauzia taa wanaoisherehekea? Swali la haki. Jibu langu ni kwamba fuvu sitoboi, waridi la mlango natoboa. Akija mtu Oktoba akalipenda waridi langu, akaliweka kwenye sherehe yake, ameondoka na kitu cha Mji wa Kale. Kama hataki ila fuvu, plastiki ziko dukani, biashara njema. Tunasema kijana ametoboa akifanikiwa. Basi tuanze kutoboa kwa maana ya kweli, bati kwa msumari.

Lakini tukiishia kuuza tu, tutakuwa tumefanya nusu. Usiku wetu mkubwa si tarehe 31 Oktoba. Ni usiku wa Ramadhani baada ya tarawehe, watoto wamejaa Kibokoni, viazi karai vinatoka motoni, akina mama wanapita na vikapu kwenye kichochoro ambacho balbu yake imekufa na hakuna aliyekuja kuibadilisha. Ni usiku wa Maulidi, Mfungo Sita. Kichochoro chenye fanusi kumi ni kichochoro ambacho dada yako anapita bila kuharakisha.

Kwa hivyo naomba hivi. Msimu ujao wa kuvunja jungu, pale mwisho wa Mlisho tunapokusanyana kula kabla ya mfungo, kila maskani ije na mikebe yake mitupu na nyundo moja. Mkaribisheni fundi bati mmoja mzee, mpeni kiti kizuri na kahawa, mwacheni asahihishe mikono yenu. Mkebe mmoja kila nyumba, kichochoro kimoja kwanza.

Na Halloween ikifika tena mtu akaanza kelele za boga, nyinyi mwulizeni: wewe ushatoboa mingapi?