Gari likigeuka treni, dereva wa lori ataenda wapi?

Huenda umeiona video hiyo. Basi dogo linatoka barabarani, linasimama juu ya reli, linashusha magurudumu ya chuma, na sekunde 15 hivi baadaye limekuwa treni. Mara ya kwanza nilidhani ni mambo ya kompyuta tu.

Kumbe ni kweli. Liko Japani, mji wa Kaiyo, mkoa wa Tokushima, na lilianza kubeba abiria Desemba 25, 2021. Dereva akibonyeza kitufe, magurudumu ya chuma yanashuka na kuinua tairi za mbele. Tairi za nyuma zinabaki zikigusa reli, na ndizo zinazolisukuma gari. Linabeba watu 21 hivi, na relini linakimbia kilomita 60 kwa saa.

Sasa kabla hujaanza kuuliza ati kwa nini Kenya hatuna, tuulize kwanza Wajapani walilitakia nini. Eneo lile lina wazee wengi na vijana wachache. Reli ilikuwa inakosa abiria. Gari dogo ni rahisi kuliendesha, na mzee halazimiki kushuka kituoni kutafuta basi lingine. Hiyo ni dawa ya ugonjwa wao. Wetu ni kinyume kabisa: asubuhi treni ya kuingia Nairobi imejaa hadi mlangoni. Watu 21 kwetu ni matatu moja na nusu, basi.

Lakini usifunge ukurasa bado, kwa sababu kuna upande wa mizigo, na huo unatuhusu moja kwa moja. Marekani kuna kampuni changa inayoitwa Glīd. Inaunda gari la mizigo lisilo na dereva, la kuchukua trela, kupita nayo barabarani kisha kuingia relini. Mwaka 2025 ilishinda shindano la kampuni changa la TechCrunch Disrupt. Yaani wenye pesa wameanza kuitazama.

Shida ya reli siku zote ni ile safari fupi ya mwisho. SGR inaweza kufikisha kontena Embakasi, lakini kutoka pale hadi kwenye ghala la mwenye mali lazima lori liitwe. Kipande hicho kidogo ndicho kinacholisha dereva na utingo wake. Gari linaloweza kushuka relini na kujipeleka hadi mlangoni linakuja kuchukua kipande hicho hicho.

Wasee wa Mombasa hawahitaji kuelezwa haya. Mwaka 2019 serikali ilipoagiza mizigo ipelekwe Nairobi kwa SGR, watu waliingia barabarani kuandamana. Haikuwa hasira ya wenye malori peke yao. Lori likisimama, fundi wa tairi Changamwe anasimama, na mama wa chapati Mariakani pia anasimama. Novemba 2020 Mahakama Kuu ikasema agizo hilo lilikiuka Katiba. Na hapo treni ilikuwa bado na dereva!

Sisemi tuikatae teknolojia. Ikija itakuja, na barabara yenye malori machache itaokoa maisha ya watu. Ninachosema ni kwamba mashine hizi nazo zitahitaji mikono: mtu wa kukagua magurudumu, wa kubadilisha betri, wa kuketi mbele ya skrini gari likikwama Mtito Andei usiku. Kazi hizo zitapewa nani?

Mimi niliacha chuo, kwa hivyo najua mlango unavyofungwa kwa kukosa karatasi moja tu. Dereva aliyeendesha trela miaka 20 anaijua barabara ya Mombasa kuliko injinia yeyote. Mafunzo yakianza, aitwe yeye kwanza, hata kama cheti chake ni cha darasa la nane. Na tuyadai sasa, malori yangali barabarani.