Deni Lisiitwe Sadaka

Kurasa za biashara katika magazeti yetu zina desturi moja ambayo yawapasa wananchi wapenda haki kuichunguza kwa makini. Kampuni kubwa ikijenga darasa, ikichimba kisima au ikipanda miche, habari huchapishwa pamoja na picha. Meneja ameshika upande mmoja wa hundi kubwa kama ubao wa kuandikia, mwalimu mkuu ameshika upande wa pili, na watoto wamepangwa nyuma yao wakipiga makofi. Chini ya picha huandikwa kwamba kampuni "imerudishia jamii". Kwa kawaida mtu hurudisha kile alichokichukua. Lakini ni nini kilichochukuliwa, kutoka kwa nani na kwa bei gani, hayo hayamo katika habari.

Jambo hili huitwa wajibu wa makampuni kwa jamii, nasi hatuulaani wajibu huo. Mtoto anayesomea chini ya bati la kampuni hanyeshewi, na mama anayejifungua katika zahanati ya shamba la chai hana haja ya kuuliza ni nani aliyeijenga. Tunacholaani ni masimulizi ya upande mmoja. Sisi tuliodai kufutwa kwa kifungu cha 2A cha Katiba ya zamani, hata kikafutwa Desemba 1991, tunaijua vema nchi ambamo sauti moja hujisifu, hujiuliza maswali na kujijibu yenyewe. Ukurasa wa biashara ambamo mtoaji ndiye msemaji wa pekee ni chama kimoja kilichohamia gazetini.

Wako watakaouliza: jambo hilo lawahusu nini watu wa Kipkelion? Mji wetu ulikua kandokando ya reli, tangu kituo chake kilipokuwa kikiitwa Lumbwa, na tunayaishi zaidi mahindi, maziwa na kahawa. Hata hivyo mashamba makubwa ya chai ya Kericho na Bomet ni jirani zetu. Huko ndiko vijana wetu wanakokwenda kutafuta kibarua, na ni vigumu kupata kanisa katika kaunti hii lisilo na waumini wanaokula jasho la majani hayo. Kila sifa na kila uongo unaoandikwa juu ya mashamba hayo unaandikwa juu ya watu wetu.

Kosa la kwanza la kurasa hizo ni kuliita deni sadaka. Tusomapo kwamba kampuni "imewajali wafanyakazi" kwa nyumba, maji na matibabu, na tufungue Sheria ya Ajira ya mwaka wa 2007. Kifungu cha 31 kinamlazimu mwajiri kumpa mfanyakazi makao yanayofaa kwa gharama ya mwajiri, au kumlipa fedha za kutosha za kodi ya nyumba. Kifungu cha 32 kinadai maji safi mahali pa kazi. Kifungu cha 34 kinahusu dawa na matibabu mfanyakazi anapougua. Kifungu cha 6 kinakataza unyanyasaji wa kingono, na kinamtaka kila mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi kutoa taarifa ya sera dhidi ya uovu huo. Mwajiri anayetimiza haya amelipa deni, na mlipa deni hupewa risiti, hapigiwi vigelegele. Anayetenda zaidi ya sheria anastahili shukrani. Lakini msomaji atajuaje palipoishia deni na palipoanza hisani, ikiwa mwandishi hakumwambia?

Kosa la pili ni kutomwuliza mchuma chai. Mwaka wa 2007 Unilever, iliyokuwa imeinunua Brooke Bond mwaka wa 1984 na kurithi mashamba yake ya Kericho, ilitangaza kwamba chai yake itathibitishwa na shirika la Rainforest Alliance, lenye nembo ya chura. Mashamba ya Kericho yalikuwa miongoni mwa ya kwanza kupata cheti hicho, yakawa mfano uliotajwa mara nyingi wa jinsi faida na wema vinavyoweza kupikwa chungu kimoja. Mwaka wa 2011 shirika la utafiti la Uholanzi liitwalo SOMO liliwauliza wafanyakazi wenyewe, likapata habari nyingine: malalamiko ya wanawake kusumbuliwa kingono na wasimamizi, na malalamiko ya hongo na upendeleo katika kazi. Baadaye kampuni ilishirikiana na UN Women katika mpango wa usalama wa wanawake, na hilo lilikuwa jema. Hata hivyo, Februari 2023, BBC ilitangaza uchunguzi wake katika mashamba yaliyokuwa yameendeshwa kwa miaka mingi na Unilever na James Finlay. Zaidi ya wanawake 70 walisema wamenyanyaswa na wasimamizi wao. Kampuni zilisema zimeshtushwa, baadhi ya waliotajwa wakasimamishwa kazi, na Bunge likaagiza uchunguzi.

Tuitafakari miaka hiyo 12, kuanzia 2011 hadi 2023. Katika muda huo cheti kilikuwapo, ripoti za kampuni zilikuwapo, na picha za miche na madarasa zilikuwapo. Aliyekuwa adimu ni mwandishi wa kuketi na mwanamke mmoja jioni, mbali na masikio ya nyapara, na kumwuliza anadaiwa nini ili apate kazi au apunguziwe mzigo. Ukweli ulipotoka haukutoka katika taarifa za kampuni, wala katika kurasa zilizozinakili taarifa hizo. Ulitoka kwa wale waliouliza.

Upungufu huu si wa Nairobi pekee. Mnamo Septemba 1970 mwanauchumi wa Marekani, Milton Friedman, aliandika katika gazeti la New York Times kwamba wajibu wa biashara kwa jamii ni kuongeza faida yake. Januari 2005 jarida la The Economist la London lilichapisha makala ndefu ya kuyatilia shaka mambo hayo hayo ya hisani za makampuni. Watetezi wakajibu kwamba wema huleta faida hatimaye. Msomaji ataona kwamba pande zote mbili zilikuwa zikigombania mfuko wa wenye hisa: je, fedha zao zinatumiwa vema au zinapotezwa? Aliyebeba kikapu mgongoni hakuitwa kutoa ushahidi na upande wowote.

Kosa la tatu ni kuiacha kampuni iwe moja wakati wa sifa, na iwe mbili wakati wa mashtaka. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, makundi ya watu yalivamia makao ya wafanyakazi katika mashamba ya Unilever ya Kericho. Wapo waliouawa, waliobakwa na walioporwa kwa sababu ya kabila lao. Wakenya 218 walipeleka kesi London dhidi ya kampuni mama na kampuni yake tanzu ya hapa nchini. Kampuni zilikana kuwajibika. Mwaka wa 2017 Mahakama Kuu ya huko ilikataa kesi isiendelee. Mwaka wa 2018 Mahakama ya Rufaa ilikubaliana nayo, ikisema kampuni tanzu ndiyo iliyopanga yenyewe namna ya kukabiliana na hatari. Mwaka wa 2019 Mahakama ya Juu ilikataa kusikiliza rufaa.

Sisi si mahakimu, na uamuzi wa mahakama tunauheshimu. Lakini mwandishi wa biashara anao wajibu wa kuziweka karatasi mbili pamoja mezani. Katika ripoti za wema zilizotolewa na makao makuu Ulaya, Kericho palikuwa nyumbani, na miti yake ilihesabiwa. Wafanyakazi wa Kericho walipobisha hodi, waliambiwa kwamba nyumba ni ya mtu mwingine. Mtu akikubali kuvuna sifa katika shamba, aulizwe pia juu ya palizi.

Kosa la nne ni kuianzisha historia siku ya kupigwa picha. Ardhi ya Kericho haikuanza na hundi. Mwaka wa 1919, baada ya Vita Kuu ya Kwanza, serikali ya kikoloni iliwatengea maafisa Waingereza waliojeruhiwa vitani maelfu ya ekari huko. Kilimo chao cha kitani kilishindwa, na kufikia mwaka wa 1925 Brooke Bond na James Finlay walikuwa wameingia na chai. Mwaka wa 1934 ukoo wa Talai ulihamishwa kwa nguvu hadi Gwassi, kandokando ya Ziwa Viktoria. Mwaka wa 2019 Tume ya Kitaifa ya Ardhi iliamua kwamba Wakipsigis na Talai walitendewa dhuluma ya kihistoria. Mwandishi anayeeleza kwamba kampuni "imewapa wenyeji" nusu ekari ya uwanja wa shule, bila kutaja lolote kati ya haya, ameandika tangazo wala si habari.

Tena mashamba yamebadilisha wenyewe. Unilever iliuza biashara yake ya chai kwa CVC Capital Partners mwaka wa 2022. James Finlay iliuza mashamba yake ya Kenya kwa Browns Investments ya Sri Lanka mwaka wa 2023, na mwaka wa 2024 mashamba yaliyokuwa ya Unilever yakauzwa kwa Browns hao hao. Kurasa za biashara zilituambia nani anauza na nani ananunua. Swali la mtu wa kawaida lilikuwa jingine: ahadi za mwenye shamba wa jana zinamfunga mwenye shamba wa leo? Mpango wa usalama wa wanawake ulikabidhiwa pamoja na funguo za kiwanda, au uliachwa katika faili? Je, asilimia 15 ya hisa za mashamba ya Finlay, ambayo ilitangazwa kwamba itauzwa kwa ushirika wa wenyeji, imewaletea wenyeji faida gani? Na mitambo ya kuchuma chai, ambayo baadhi yake iliteketezwa Mei 2023 kwa moto ambao hatuuungi mkono hata kidogo, imeondoa kazi ngapi kwa kila darasa lililojengwa?

Haifai kuwatupia lawama waandishi peke yao. Gazeti linaishi kwa matangazo, na mtangazaji ni yule yule anayetoa hundi. Serikali yenyewe ilituonyesha nguvu ya mkono huo Februari 2017, ilipoamua kuacha kutangaza katika magazeti ya kibinafsi. Mwandishi anayepelekwa shambani kwa gari la kampuni, akala chakula cha kampuni na kupewa taarifa iliyokwisha kuchapwa, huona aibu kuomba ruhusa ya kwenda kambini peke yake. Hata hivyo aibu hiyo si sheria. Gazeti la Beyond la Baraza la Makanisa, NCCK, liliandika mwaka wa 1988 jinsi kura za mlolongo zilivyochezewa. Lilipigwa marufuku na mhariri wake akafungwa, lakini taifa lilikuwa limekwisha kusoma.

Wapo watakaosema kwamba maswali haya yatawakimbiza wawekezaji, na njaa itatumaliza. Hoja hiyo tuliisikia zamani, tulipoambiwa kwamba vyama vingi vitavunja nchi. Kampuni iliyolipa deni lake haitishiki kuonyesha risiti. Kinachoharibu biashara ni uovu unaofichwa kwa miaka 12 kisha ukafichuka kwa siku moja mbele ya walimwengu, hata wanunuzi wa ng'ambo wakasitisha ununuzi, na anayeumia kwanza akawa yule yule mchuma chai. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Nasi watu wa makanisa tuna kipimo chetu. Mapema mwaka wa 2008, nchi ilipokuwa ikiwaka moto, watawa Watrapisti wa monasteri ya hapa Kipkelion waliwafungulia milango mamia ya watu waliofukuzwa makwao, wasiwaulize kabila. Hapakuwa na hundi kubwa wala safu ya watoto wa kupiga makofi. Mafundisho ya Mlimani yanatuonya juu ya mtoaji anayetanguliza tarumbeta, naye nabii Amosi hakuridhika na sadaka nono zilizotolewa na wale waliomnyima maskini haki yake langoni.

Kwa hiyo tunawaomba wasomaji wetu wafanye mambo matatu. Kwanza, kila mnapoona picha ya hisani gazetini, iulizeni maswali manne katika jumuiya zenu: hili ni deni la sheria au ni zaidi yake? Ni nani aliyehojiwa asiyelipwa na kampuni? Mwaka mmoja baadaye kumetokea nini? Na ardhi hii ilipatikanaje? Mwandikieni mhariri wa gazeti lililochapisha picha hiyo, mkitaja jina lake na tarehe ya toleo. Pili, itumieni Katiba. Kifungu cha 35 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa dola, na hata zilizo mikononi mwa mtu mwingine zikihitajika kwa kulinda haki. Chini ya Sheria ya Kupata Habari ya mwaka wa 2016, ofisi ya umma hupewa siku 21 kujibu ombi. Ombeni ripoti za ukaguzi wa kazi katika mashamba ya jirani. Tatu, wasikilizeni wachuma chai walio katika makanisa yenu, andikeni wanayoyasema, na majina yao yalindeni kama mnavyolinda siri ya maungamo, kwa maana anayesema leo kesho yuko zamu mbele ya yule yule msimamizi.

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kampuni iliyotenda mema haitahitaji kuyatembeza peke yake; wafanyakazi wake watayasema, wakiulizwa. Basi waulizwe.