Pareto huua fukusi, haiui kuvu

Wengi wetu tunaoishi mjini tuna wazazi wanaotutegemea kule Ukambani. Mavuno yakikaribia, tunapitia dukani tukanunua pakiti ya dawa ya kuhifadhi mahindi, kisha tunaipakia kwenye basi la Kitui au Wote. Tunadhani tumemaliza kazi. Mimi nasema bado, na nitaeleza sababu kwa kuanzia na ua moja dogo.

Ua hilo ni la pareto, mmea wa jamii ya alizeti wenye maua meupe yaliyo na kitovu cha manjano. Tofauti na alizeti, pareto huishi shambani miaka kadhaa bila kupandwa upya. Asili yake ni pwani ya Dalmatia huko Ulaya, na uliletwa Kenya mwishoni mwa miaka ya 1920. Mkulima huotesha mbegu kitaluni au hugawanya mashina ya zamani, akapanda mvua zinapoanza. Baada ya miezi michache huanza kuchuma maua, na hurudia kila majuma mawili au matatu. Maua hukaushwa, kisha kiwandani hutolewa sumu inayoshambulia mishipa ya fahamu ya wadudu.

Pareto hupenda baridi ya nyanda za juu kama Molo, Nyandarua na Kisii. Penye joto hunawiri majani tu, maua yakawa haba. Kwa hivyo anayekushauri uipande Mutomo au Kibwezi anakupotezea pesa.

Hata hivyo, pareto imefika ghalani kwenu kwa njia nyingine. Sumu yake huharibika upesi juani, ndiyo maana wanasayansi waliiiga wakaunda kemikali zinazodumu zaidi, kama permethrini na deltamethrini. Hizo ndizo zilizomo katika dawa nyingi za unga za kuhifadhi nafaka, na hata katika vyandarua vya mbu.

Kosa letu liko hapa. Dawa hizi huua fukusi na dumuzi. Haziui kuvu, wala haziondoi sumu yake iitwayo aflatoksini. Kati ya Januari na Julai 2004, watu 317 waliugua kutokana na sumu hiyo na 125 wakafariki, wengi wao wakiwa wa Makueni na Kitui. Walikula mahindi yao wenyewe, yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu. Sumu hii hushambulia ini. Macho hugeuka manjano na tumbo huvimba. Kuchemsha hakuimalizi.

Utaniambia kwamba fukusi hutoboa punje na kuifungulia kuvu njia, kwa hivyo dawa inasaidia. Ni kweli, inasaidia. Lakini mahindi mabichi yaliyopakwa dawa bado ni mabichi, na kuvu itaota humo humo.

Basi fanya hivi. Pamoja na pakiti ile, tuma turubai, ili mahindi yasianikwe juu ya udongo. Unyevu usizidi asilimia 13. Kama hakuna kipimo, chukua chupa kavu, tia punje na chumvi kavu, tikisa, kisha subiri kidogo. Chumvi ikiganda kwenye chupa, mahindi yarudi juani. Yakikauka, magunia yawekwe juu ya mbao, mbali na ukuta. Ukiweza, nunua mifuko isiyopitisha hewa: wadudu hufa humo kwa kukosa hewa, bila dawa yoyote. Punje zilizoota kuvu zitupwe. Wasipewe ng'ombe, kwani sumu hupitia kwenye maziwa ikamrudia mtoto.

Mpigie mama simu leo. Usimwulize tu kama dawa imefika. Mwulize kama mahindi yamekauka, kwa sababu aflatoksini ikishaingia mwilini, hospitali haina dawa maalumu ya kuiondoa.