Vibonzo ni fasihi, vipewe nafasi vinayostahili

KWA miaka mingi, mwanafunzi wa Kiswahili nchini Kenya amefunzwa kwamba fasihi andishi ina tanzu nne: riwaya, tamthilia, hadithi fupi na ushairi. Mtihani wa KCSE nao umetahini tanzu hizo pamoja na fasihi simulizi. Hadithi inayosimuliwa kwa michoro na maneno haimo, ilhali ndiyo ambayo mwanafunzi huyo huyo huisoma bila kushurutishwa na mwalimu.

Pengo hilo si dogo. Kazi isiyohesabiwa kuwa fasihi haihakikiwi, haifundishwi na aghalabu haihifadhiwi.

Vibonzo si vigeni katika Kiswahili. Nchini Tanzania, Chakubanga, mhusika aliyebuniwa na Christian Gregory, aliwachekesha wasomaji wa gazeti la Uhuru tangu miaka ya 1960. Katika miaka ya 1980, Lodi Lofa na Komredi Kipepe walivuma katika jarida la Sani. Hapa Kenya, Juha Kalulu wa Edward Gitau alikuwa mwenyeji wa kurasa za Taifa Leo kwa miongo kadhaa. Mwishoni mwa miaka ya 1990, kampuni ya Sasa Sema ya Nairobi ilichapisha vitabu vizima vya vibonzo kwa Kiswahili, kikiwemo Abunuwasi, kazi ya mchoraji Gado.

Kitabu hicho ni mfano mwafaka. Ngano za Abunuwasi, ambaye jina lake limetokana na mshairi Abu Nuwas wa Baghdad, zimesimuliwa katika pwani ya Afrika Mashariki vizazi na vizazi. Msimulizi wa ngano hutumia mikono, macho na uso kuikamilisha hadithi. Ngano inapochapishwa kwa maneno matupu, viungo hivyo hupotea. Mchoraji huvirejesha.

Wapo wanaodai kuwa picha humfanya msomaji kuwa mvivu wa kufikiri. Dai hilo halina mashiko. Kisanduku kimoja kikimwonyesha mtu akipanda mnazi, na kinachofuata kikimwonyesha amefungwa bendeji kitandani, anguko lenyewe halikuchorwa popote. Ni msomaji anayelijenga akilini mwake.

Mbinu ambazo walimu hufundisha katika riwaya zimo pia katika vibonzo. Kiputo cha maneno kinaweza kusema, "Karibu mgeni wangu, tule pamoja," huku mchoro ukimwonyesha mwenyeji akisukuma sufuria ya wali chini ya kitanda. Hicho ni kinaya, na hakieleweki mpaka msomaji ayapime maneno na picha kwa pamoja.

Lawama ya pili ni ya lugha, nayo ni nzito zaidi. Shujaaz, jarida la vibonzo lililoanzishwa Kenya mwaka wa 2010 na ambalo mhusika wake mkuu, Boyie, huendesha redio ya siri nyumbani kwao, liliandikwa kwa Sheng. Lilipendwa na vijana wengi na mwaka wa 2012 likatuzwa Emmy ya kimataifa. Wapenzi wa Kiswahili sanifu wana haki ya kuhofia athari ya Sheng kwa vijana. Hata hivyo, lawama hiyo inahusu lugha iliyoteuliwa, wala si utanzu wenyewe. Abunuwasi kilithibitisha kwamba Kiswahili kinaumudu. Isitoshe, wenye shamba wakilitelekeza, hawana budi kuvumilia kitakachoota humo.

Mipaka ya fasihi haikuwahi kuwa ya kudumu. Mwaka wa 1968, Ngũgĩ wa Thiong'o, Taban lo Liyong na Henry Owuor-Anyumba walipinga jinsi fasihi ilivyofundishwa katika Chuo Kikuu cha Nairobi, wakataka fasihi ya Kiafrika, ikiwemo simulizi, iwekwe katikati. Leo hakuna mwalimu anayeshuku kwamba ngano na methali ni fasihi. Aidha, tamthilia haikamiliki bila jukwaa, waigizaji na mavazi, lakini hakuna aliyewahi kuinyima hadhi kwa sababu hiyo.

Kwingineko duniani, mjadala huu umepiga hatua. Mwaka wa 1992, Art Spiegelman wa Marekani alipewa tuzo maalumu ya Pulitzer kwa kitabu chake Maus, kinachosimulia kwa vibonzo mauaji ya Wayahudi yaliyotekelezwa na Wanazi. Marguerite Abouet, mzaliwa wa Abidjan, alisimulia maisha ya wasichana wa jiji hilo katika Aya, na mwaka wa 2006 kitabu hicho kikatuzwa katika tamasha la Angoulême nchini Ufaransa.

Hapana shaka kwamba si kila kibonzo ni fasihi bora, kama ambavyo si kila riwaya ni bora. Kazi ya kuchuja ni ya wahakiki, nao hawawezi kuchuja wasichosoma. Mwalimu anayefundisha ngano anaweza kuanza kwa kuweka kitabu cha Gado kando ya masimulizi ya mdomo. Vyuo vikuu navyo havina sababu ya kungoja. Vibonzo vingi vya Kiswahili vilichapwa kwenye karatasi za magazeti, na karatasi hizo huishia kufungia nyama na maandazi. Kila mwaka unaopita bila kuzikusanya huondoka na ukurasa wa historia ya fasihi ya Kiswahili.