Kabla hujabeba visu vya fundi, muulize chuma kimetoka wapi

Leo nataka nigombane kidogo na wenzangu tunaouza visu vya mafundi wa mtaani.

Mwaka jana nilichukua visu 40 kwa fundi mmoja, 2,500 kila kimoja. Vilikuwa vinang'aa balaa, mipini imepigwa vanishi. Nikaviuza 5,000. Wiki ya pili akarudi kaka wa buchani aliyechukua sita. Hakupiga kelele. Aliviweka kaunta akasema, "Dogo, hivi havikati nyama, vinaisugua." Nikamrudishia 30,000 yake. Kilichoniuma ni kwamba siku hizi anapita mlangoni kwangu anaenda kwa jirani, hata akitaka misumari.

Nikarudi kwa fundi. Kumbe vilitoka kwenye vile vyuma bapa vya grili za madirisha. Na hakunidanganya, maana sikumuuliza! Nilichouliza mimi ni bei tu. Ndiyo maana nasema kosa ni letu wenye maduka.

Mimi nimeishia form four, ufundi sijasomea, ila baada ya hapo nilienda kukaa na wahunzi mpaka nikaelewa. Chuma kinashika makali kwa sababu ya kaboni iliyomo. Cha grili kina kama asilimia 0.2 hivi. Hata ukichome mpaka kiwe chekundu na ukitose kwenye oili, hakiwi kigumu cha kutosha. Siku ya kwanza kinakata, keshokutwa makali yamelala. Nondo nyingi nazo ni hivyohivyo, usidanganyike na uzito wake mkononi.

Springi bapa ya lori ndiyo habari nyingine. Ina kaboni karibu asilimia 0.6, ukiichoma na kuitosa inakuwa ngumu, na ukiirudisha kwenye moto mdogo haivunjiki ovyo. Tupa iliyochoka ina kaboni nyingi zaidi, kama asilimia 1 na kuendelea, inatoa makali ya hatari. Ila fundi akiruka ule moto mdogo wa mwisho, kisu kikidondoka sakafuni kinakatika kama biskuti. Kwa duka langu naenda na springi.

Sasa utajuaje? Sumaku haikusaidii, inanasa grili na springi sawasawa. Omba kipande kilichobaki, fundi akiguse kwenye grenda uangalie cheche. Chuma laini kinatoa mistari mirefu isiyo na matawi mengi. Chenye kaboni cheche zake zinapasuka-pasuka kama nyota. Halafu chukua tupa mpya, ipitishe taratibu kwenye makali ya kisu kilichokamilika. Ikila kirahisi kama inakula msumari, kirudishe. Ikiteleza au ikang'ata kwa shida, hapo sawa. Na ukiona ukingo wa makali una rangi ya bluu, kilisagwa mpaka kikaungua, ugumu umeshatoka hata kama chuma kilikuwa kizuri. Springi yenyewe nayo iangaliwe nyufa, nyingine imebeba mizigo miaka na miaka.

Najua kuna atakayesema mteja wangu anataka bei rahisi. Sawa, muuzie cha rahisi, ila mwambie ni cha rahisi. Kumchanganyia viwili kwa bei moja huo ni wizi, hata kama tumeuzoea. Kisu cha springi nanunua 4,500 nauza 7,000. Faida ni ileile 2,500. Shida ni kwamba mtaji mwingi unalala dukani na vinatoka taratibu, sitawaficha. Mwezi wa kwanza niliuza tisa tu.

Jambo lingine, springi inashika kutu. Mwambie mteja kabla hajatoa hela: akiosha afute, asikilaze kwenye beseni la maji, akipata mafuta ya kula akipake kidogo. Usipomwambia atarudi na kisu chekundu akidhani umempiga.

Yule kaka wa buchani wiki iliyopita nilimpelekea kimoja cha springi, bure. Alikipokea, akakijaribu kwa ukucha, akakiweka pembeni ya mzani. Bado hajasema kitu.